Spika ya Kojani na Spika ya Chokocho

Baba alipofariki, stirio yake iligawiwa pamoja na mikarafuu. Ami yetu aliyesimamia mirathi alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Aligawa mikarafuu, akagawa minazi, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya kile chombo na kukitazama kama mtu anayemkagua ng'ombe kabla ya kumchinja.

"Kina vipande vinne," alisema. "Na nyinyi, pamoja na mama yenu, mko wanne."

Ikawa hivyo. Mama akapewa amplifaya. Kaka yangu, aliyekuwa ameoa Kojani, akapewa spika ya kulia. Dada yangu, aliyeolewa Chokocho, akapewa ya kushoto. Mimi ndiye mdogo, na tayari nilikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, nikapewa deki na sanduku la kaseti kwa sababu, alisema ami, hivyo ni vyepesi kubeba.

Hakuna aliyepinga. Dada tu alitania, "Ami, mie kwa mgawo wa mwanamke si ningepewa hiki kidude kidogo cha juu ya spika, kaka akachukua makubwa yote?" Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Huko nilikopita baadaye, kila nilipowasimulia mafundi kisa hiki walishika vichwa. Spika za jozi moja unazigawaje? Lakini sisi hatukuona kosa. Tuliona kwamba kila mmoja anaondoka na kitu cha baba, na kwamba hakuna aliyeonewa.

Nyumba yetu iko Konde, Pemba, nyuma ya maduka. Baba alikuwa fundi cherehani, na stirio aliinunua baada ya msimu mmoja mzuri wa karafuu, kwa mtu aliyerudi kutoka Arabuni. Spika zilikuwa za mbao, zimefunikwa kitambaa cheusi kwa mbele, na nilipokuwa mdogo zilinifika kifuani. Amplifaya ilikuwa na uso wa rangi ya fedha na kidirisha kirefu ambacho ukiiwasha kilitoa mwanga wa manjano. Baba alipima kwa kamba ile ile aliyopimia mashati, akatafuta mahali palipokuwa sawasawa kutoka spika hii na ile, akaweka kiti chake hapo. Kisha, kwa kuwa mama alikisogeza kila alipofagia, akapaka sakafuni madoa manne ya rangi nyekundu ya mlango, doa moja kwa kila mguu wa kiti. Madoa hayo yapo mpaka leo.

Ijumaa baada ya alasiri alikaa pale. Mimi niliruhusiwa kusimama nyuma ya kiti. Kulikuwa na kaseti moja aliyoipenda kuliko zote, taarabu ya zamani, mwanamke na mwanamume wanajibizana. Mwanamke alitoka spika ya kushoto, mwanamume ya kulia, na fidla zikatandazwa katikati, pale ukutani palipokuwa na kalenda tu. Mimi nilikuwa nikigeuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira.

"Tulia," baba aliniambia. "Wao wenyewe watakuja ulipo."

Chombo kile kilikuwa na masharti yake. Kabla ya kukiwasha, zungusha vitufe vyote huku na huku mara kadhaa, ili kutu isikamate ndani. Usikifunike kitambaa kinapokuwa na moto, kinapumua kwa juu. Chetezo cha udi kikae upande mwingine wa chumba, kwani moshi ukiingia ndani hugeuka utando. Na kubwa kuliko yote: kiwashwe kila Ijumaa, hata kama hakuna anayesikiliza, kwa sababu hewa ya kwetu ina chumvi na maji, na chombo kisichopata moto wake huoza kimya kimya. Baba aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, akitia uzi kwenye sindano, na mimi nikayashika kuliko niliyofundishwa skuli.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Nimekaa Tanga, Mombasa, Mtwara, Dar es Salaam, na kwa muda Maskati. Nimepakia magunia, nimelinda ghala, nimeuza simu, nimetengeneza redio za watu. Sijui kukaa. Nikipanga chumba, wiki ya kwanza nakipenda, na baada ya miezi naanza kutazama mabasi. Lakini kila mji niliofika, kabla sijajua soko la samaki liko wapi, nilikuwa nimeshajua wanakouza spika za zamani.

Huwa nakwenda na betri ya tochi mfukoni na vipande viwili vya waya. Ukigusisha waya kwenye spika nzima, koni inaruka kidogo mbele na kutoa sauti kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Isipojibu, imekufa. Ikijibu kwa kuingia ndani badala ya kutoka, waya umegeuzwa. Kisha unaisukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, polepole, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo, iache, hata muuzaji aape vipi. Tazama ukingo wa sponji unaoishikilia koni, maana ndio unaoanza kufa. Inua kasha. Spika nzuri ni nzito kuliko unavyotegemea, kwa ajili ya sumaku. Gonga ubao: ulioloa maji ya bahari hujibu kama boga. Na usinunue moja. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, spika isiyo na mwenzake alikuwa akiiita mjane. "Huyu mjane nakupa kwa bei ya kutupa, bwana," alikuwa akisema, na mimi kila mara nilitazama pembeni.

Nilinunua jozi nyingi kwa njia hii. Nyingine zilikuwa bora kuliko za baba, nalisema wazi. Nilipima kwa kamba, nikaweka kiti, nikatia ile kaseti, nikakaa. Mwanamke kushoto, mwanamume kulia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na haikuwa yenyewe. Nilisogeza spika mbele, nyuma, nikaziinamisha, nikaning'iniza shuka ukutani. Nikihama niliziuza au nikawaachia majirani. Deki na kaseti tu ndivyo nilivyoendelea kuvibeba.

Mwaka jana mama alinipigia simu mwenyewe. Kwa kawaida humwambia dada apige. Alizungumza kwa sauti ya juu, kama watu wanaozungumza na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, kaseti za baba yako unazo?"

"Ninazo, mama."

"Na mashine yake?"

"Ninayo."

"Basi vilete. Sikio la kulia lishakufa, na daktari anasema hili la kushoto linafuata. Mie nataka niisikie ile stirio mara moja, kama ilivyokuwa. Kabla sijabakia kutikisa kichwa tu mkinisemesha."

Nilifika Konde siku ya Alhamisi. Mama alikuwa amepungua, na ilibidi nikae kushotoni kwake ili anisikie. Kesho yake baada ya alasiri nilimwona akienda kwenye kona ya sebule. Akaondoa kitambaa cha kufuma juu ya amplifaya. Akazungusha vitufe huku na huku, kimoja baada ya kimoja. Akawasha. Kile kidirisha kikatoa mwanga wake wa manjano. Mama akakaa kwenye mkeka mbele yake, mikono mapajani, akiutazama.

"Mama, haina spika."

"Nnajua haina spika."

"Sasa?"

"Baba yako si alisema kila Ijumaa?"

"Miaka yote hii?"

Akanigeukia kana kwamba nimesema jambo la kipuuzi. "Kwani wewe ulitaka nikiache kife?"

Alikaa mpaka mfuniko wa chombo ukapata joto. Aliugusa kwa kiganja, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, kisha akazima, akangoja kipoe, akakifunika. Nilipoifungua amplifaya hiyo nilikuta ndani safi. Nimefungua nyingi zilizokaa pwani na nimekuta kutu, mende, na miguu ya vifaa iliyoliwa na chumvi. Hii ilihitaji kufutwa vumbi tu.

Jumamosi nilikwenda Chokocho. Dada alinipokea kwa kelele.

"Hee! Mgeni wa nchi kavu! Umekuja kwa miguu au umepotea njia?"

"Shikamoo dada. Nimefuata spika."

"Marahaba. Hata maji hujanywa, ushaanza spika. Ipo, nimeitunza kuliko mume wangu. Mende hata mmoja hajaingia."

Ilikuwa chumbani, imefunikwa kanga mpya. Nilipoondoa kitambaa cha mbele, harufu ya karafuu ilinipiga usoni. Dada alikuwa ameijaza. Kwenye tundu la nyuma alikuwa akitia konzi ya karafuu kavu kila msimu, kama tunavyotia kwenye kasha la nguo ili wadudu wasiingie. Kila mtu Pemba anajua kwamba mafuta ya karafuu huwekwa kwenye chupa ya kioo, kwa sababu yanakula plastiki. Sponji nayo hatukuwa tumeifikiria. Ule ukingo wa koni ulikuwa umegeuka kitu cheusi, chenye kunata kama halua. Niliugusa, kidole kikaondoka nao.

Dada aliona uso wangu. "Nimeiua?"

"Sponji ingekufa tu kwa umri."

"Usinifiche."

"Karafuu zimeisaidia kidogo."

Akakaa kitandani, akashika mdomo. "Sasa mama atasikia nini?"

Niligusisha betri. Koni ikaruka, imepinda lakini hai. Roho ilikuwemo, kilichokufa ni ngozi. Sponji mpya ingebidi kuagizwa Dar es Salaam, na sikutaka kungoja, kwa vile kila nilipomsemesha mama nilijiona napandisha sauti. Nikamwomba dada mwavuli wa zamani.

"Mwavuli wa nini, na jua hili?"

"Lete tu."

Kitambaa cha mwavuli ni chepesi na hakipitishi hewa sana. Nilikata duara, nikakipaka gundi ya viatu kwa wembamba, nikakibandika kuzunguka koni huku dada akinishikia na kunung'unika kwamba ule ulikuwa mwavuli wake wa harusini. Hakikuwa laini kama sponji. Sauti nzito ingepungua, na nilimwambia hivyo. Tulimwaga karafuu zote kwenye ungo. Harufu haikutoka, wala sidhani kama itatoka.

Kojani nilikwenda Jumatatu. Kaka yangu ananunua samaki na kuwauza Konde na Wete, ni mtu wa maneno machache, na machache hayo yana miba. Spika yake nilikuta imewekwa juu ya kreti, imeungwa na kiredio cha kutia flashi, waya mmoja tu, wa upande wa kulia. Niliwahi kumpa ile taarabu kwenye flashi, na alikuwa akiipiga. Alinipigia nisikie. Mwanamume peke yake akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, akanyamaza, fidla zikapita kwa mbali, akajibu tena.

"Wanangu wanaijua hivi," kaka alisema. "Wanadhani ni mtu anagombana na nafsi yake."

"Kaka, naiomba kwa siku mbili."

"Ile ni haki yangu, si mwazimo."

"Ni kwa ajili ya mama."

"Kwani nimesema sitoi? Nimesema ni haki yangu. Na wewe usinitajie siku mbili. Wewe hujakaa pahala siku mbili tangu una meno ya utotoni."

"Basi njoo nayo mwenyewe."

"Ndiyo nitakavyofanya. Ulidhani nitakupa wewe? Nitaisikia imo Maskati."

Aliifunga kwa turubai la samaki, kamba mara tatu, na kwenye mashua akaipakata mwenyewe mpaka ng'ambo, ingawa ilikuwa nzito na maji yalikuwa yametulia.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa sote Konde. Nilisugua ncha za waya kwa msasa mpaka zikang'aa. Kaka alishika betri, mimi nikatazama koni, tukahakikisha zote mbili zinatoka nje kwa pamoja, kwa sababu moja ikisukuma na nyingine ikivuta, sauti huuana katikati na wewe hujui imekwenda wapi. Tukaweka kiti juu ya yale madoa mekundu. Dada alitaka tukigeuze kidogo ili sikio la kushoto la mama lielekee mbele. Kaka akakataa, akasema baba hakukigeuza. Wakabishana mpaka mama mwenyewe akatoka msalani kutia udhu akauliza, "Mnagombea kiti cha nani?"

Baada ya alasiri tulimkalisha. Alizungusha vitufe yeye, akawasha yeye. Mimi nikatia kaseti.

Fidla zilianza. Mwanamke akaingia kushoto, sauti yake ina ukakasi kidogo wa mwavuli. Kulia, kutoka Kojani, mwanamume akamjibu. Dada alishika mkono wangu akaubana. Alikuwa amekaa na mwanamke huyo chumbani kwake miaka yote hiyo na hakuwahi kumsikia. Nami nilisimama nyuma ya kiti, mahali pangu, na shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe.

Mama alikaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyeko kwenye benchi la hospitali akingoja kuitwa. Hakutikisa kichwa. Hakufumba macho. Wimbo ulipofika katikati, akainuka, akashika ukingo wa mlango, akatoka kwenda uani.

Tulitazamana.

"Ni mwavuli," dada alinong'ona. "Nilikwambia."

"Hasikii," kaka alisema. "Tumechelewa." Akapunguza sauti, akakaa chini kwenye mkeka, na mimi nikaona kwamba macho yake yamebadilika.

Kisha tukasikia mbuzi. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, kwaru, kwaru, kwaru, na katikati ya kukuna akapaza sauti: "Mbona mmepunguza? Ongezeni!"

Kaka akaruka akaongeza.

"Na huo mlango rudisheni nusu! Baba yenu hakuwa akiuacha wazi hivyo!"

Dada akaurudisha nusu.

"Zaidi kidogo... Hapo! Hapo hapo!"

Nilikwenda jikoni. Alikuwa amekalia mbuzi, ubavu wake wa kushoto umeelekea ukuta wa sebule, nazi mkononi, na alikuwa akikuna kwa mwendo wa wimbo. Nilisimama kando yake nikasikiliza. Huku hakukuwa na kushoto wala kulia. Wale watu wawili walipita ukutani wakafika wamekwisha kuchanganyika, wamelainika kingo, pamoja na moshi na harufu ya nazi. Mwanamke alipouliza, mama alitamka jibu la mwanamume kwa midomo, bila sauti, neno kwa neno.

Katika Ijumaa zote zile, alikuwa hapa. Baba alipokaa kwenye madoa yake mekundu, chakula cha jioni kilikuwa kikipikwa upande wa pili wa ukuta. Kile kiti tulichomkalisha hakuwahi kukikalia. Tulimsikilizisha stirio ya baba, na yeye alikuwa ameomba yake.

Kaka alichungulia mlangoni. "Lo! Kumbe spika moja ingetosha, mama! Nimeibeba bure."

Mama akamwelekezea sikio, akamfanya arudie. Kisha akasema, "Ingetosha vipi, na wanaoimba ni wawili?"

Tulipiga kaseti moja baada ya nyingine mpaka adhana ya magharibi.

Jumamosi kaka alifunga spika yake kwenye turubai. Nilidhani mama atasema ibaki. Dada hata alianza kusema, "Si tuziache hapa..." Mama akamkata: "Kila mtu na haki yake. Mie nshaisikia." Akamsaidia kaka kushika kamba. Ya Chokocho ikaondoka na gari ya mchana, ikiacha harufu ya karafuu sebuleni.

Deki na kaseti niliviacha mimi, chini ya amplifaya. Hakuna aliyeniomba. Nilipanda boti na begi la nguo tu, na mkono wangu wa kulia, uliozoea lile sanduku, ukawa haujui ukae wapi.

Sasa niko Tanga. Simu za mama nazungumza na dada, kwa sababu mama mwenyewe hasikii tena kitu kwenye simu. Dada anasema kila Ijumaa mama bado anawasha, anakaa mbele ya ule mwanga, anagusa mfuniko, anazima.

Juzi nilipita dukani kwa mtu anayeuza vyombo vilivyotumika. Alikuwa na jozi ya mbao, nzito, sponji yake nzima. Betri ilijibu vizuri. Sikuwa na kaseti ya kujaribia, nikamwomba apige chochote alichonacho. Akapiga. Nikatoka nje, nikapita ubavuni mwa duka mpaka nyuma, kwenye kichochoro wanakoanika nguo, nikasimama kando ya ukuta.

Alinifuata mbio. "Bwana, wakimbia nini? Hujaisikia!"

"Naisikia," nilimwambia. "Rudi ndani, urudishe mlango nusu."